Maswali ya Wasomaji: Siku Mbili Toruń, Mji wa Matofali Mekundu

Toleo lililopita tulitaja miji ya Ulaya ambayo Mtanzania anaweza kuizunguka kwa miguu bila kuteketeza bajeti, na Toruń ya Poland ikapewa mstari mmoja tu. Wasomaji wameutaka mstari huo urefushwe. Tumechagua barua sita.

*Shikamooni wahariri. Mdogo wangu anasoma Warszawa na Septemba nakwenda kumtembelea. Nina siku mbili za kutoka nje ya jiji. Kila mtu ananiambia niende Kraków. Huko Toruń kuna nini, na nikifika nianzie wapi? — Neema, Kinondoni*

Marahaba, Neema. Kraków ni mji mzuri na hatumkatazi mtu, ila ni mkubwa na watalii ni wengi, kwa hiyo siku mbili zitakuishia kwenye foleni. Toruń inaenea ndani ya siku mbili. Mji mkongwe wote, kutoka mwisho huu hadi ule, ni mwendo wa kama kutoka Sanamu ya Askari hadi Mnazi Mmoja.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kuichagua. Mji mkongwe utakaouona Warszawa ulibomolewa na Wajerumani wakati wa Vita ya Pili na kujengwa upya baada ya vita. Umejengwa kwa ustadi hata UNESCO wakauweka kwenye orodha yao, lakini majengo yenyewe ni ya juzi. Toruń ilipita katika vita hiyo bila kubomolewa, hivyo ukuta utakaoushika kwa mkono wako ni ule ule wa karne ya 13 au ya 14. Nayo iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997.

Treni kutoka Warszawa huchukua takriban saa mbili na nusu hadi tatu. Angalia jina la kituo kabla hujashuka. Toruń Główny, kituo kikuu, kiko ng'ambo ya mto Wisła, upande wa kushoto, wakati mji mkongwe uko upande wa kulia. Kutoka hapo utapanda basi, au utavuka daraja kwa miguu kwa nusu saa na ushei. Toruń Miasto ni kituo kidogo, lakini kiko jirani kabisa na mji mkongwe. Treni nyingi za Warszawa huishia kukupitisha Główny tu, basi usishangae ukishuka na usione hata mnara mmoja. Tena saa za tiketi husomwa kwa mtindo wa saa 24: 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana. Wapo waliokosa treni kwa kulisahau hilo.

Ukishatua mizigo, anzia kwenye magofu ya ngome ya Wateutoni, maana mji ulianzia kwao. Hawa walikuwa mashujaa wa vita vya msalaba, Wajerumani waliokula kiapo cha utawa, wakaja kuteka nchi za wapagani wa Prussia. Tarehe 28 Desemba 1233 waliipa Toruń hati ya mji. Eneo la kwanza lilikuwa chini sana na mafuriko yakawashinda, hivyo mwaka 1236 mji ukahamishiwa ulipo sasa. Mwaka 1264 pembeni yake ukaanzishwa Mji Mpya, wenye uwanja wake na ukuta wake, na katikati ya miji hiyo miwili ikasimama ngome.

Wafanyabiashara wa Toruń walitajirika kwa mto. Nafaka na mbao zilishuka na Wisła kwenda bandari ya Gdańsk, chumvi na samaki wa baharini zikapanda. Mji ukawa mwanachama wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya. Kadiri fedha zilivyoongezeka ndivyo kodi na amri za Wateutoni zilivyowachosha, na mwaka 1454 wananchi waliivamia ngome na kuibomoa. Vita iliyofuata kati ya Poland na Wateutoni ilidumu miaka 13, ikamalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Toruń mwaka 1466, na mji ukawa chini ya mfalme wa Poland. Kilichobaki kizima pale ngomeni kuliko kingine chochote ni mnara wa choo! Ni jengo refu lililojitenga, limeunganishwa na ngome kwa njia ya juu ya matao, na uchafu ulidondoka kwenye mkondo wa maji chini yake. Uone kwanza huo, upige picha, halafu ndipo uyatazame makanisa.

Toka hapo ufuate ukuta wa mji kandokando ya mto kuelekea magharibi. Utapita malango matatu: Brama Mostowa, Brama Żeglarska na Brama Klasztorna, na mbele kidogo ya hilo la mwisho ndipo ulipo Mnara Ulioinama, ambao fundi mmoja ametuuliza habari zake hapa chini. Rudi hadi Brama Żeglarska uingie ndani kwa barabara ya Żeglarska. Kulia kwako kuna kanisa kuu la Watakatifu Yohane. Huko juu mnarani limo kengele Tuba Dei, lililosubiwa mwaka 1500 na lenye uzito wa takriban kilo 7,200. Hupigwa siku za sikukuu kubwa tu. Kabla ya kuingia tazama saa ya mnarani iliyoelekezwa mtoni: ina mshale mmoja tu, wa saa. Wapiga kasia waliokuwa wakishuka na magogo hawakuwa na haja ya dakika.

Barabara hiyo hiyo inakutoa kwenye uwanja wa Mji Mkongwe, na Jumba la Mji limekaa katikati yake. Mnara wake ulianzwa mwaka 1274. Jumba lenyewe kwa umbo la sasa ni la mwisho wa karne ya 14. Wenyeji husimulia kuwa lilipangwa kwa kalenda: madirisha 365, vyumba 52, kumbi 12. Mwaka 1703 Waswidi waliuzingira mji na kuupiga mizinga, jumba likaungua, na fahari yote ya ndani ikateketea. Leo ni makumbusho. Panda mnara wake, kama mita 40, na upande asubuhi kabla vikundi vya wanafunzi havijafika. Ukiwa juu utaona jinsi mitaa ilivyochorwa kwa mistari iliyonyooka tangu siku ya kwanza. Si mji uliokua ovyo.

Siku ya pili asubuhi mpe Copernicus, mtaalamu wa elimu ya anga aliyezaliwa hapa, na mchana uende Mji Mpya. Wageni wengi hawavuki kwenda upande huo, na hilo ni kosa: kanisa la Mtakatifu Yakobo, lililoanzwa mwaka 1309, kwa macho yetu ni zuri kuliko kanisa kuu. Jioni vuka daraja la Piłsudski uende upande wa kushoto wa mto. Kuna jukwaa la kutazamia, na mji mzima na kuta zake unauona mara moja, taa zinapoanza kuwaka.

Mambo matatu huharibu ratiba. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa. Jumapili nyingi maduka makubwa hayafunguliwi kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo maji na matunda nunua Jumamosi. Na mitaa imetandikwa mawe: begi la magurudumu litakutoa jasho, viatu vya kisigino virefu ndiyo usivifikirie.

*Mimi ni fundi ujenzi. Huo mnara umeinama kiasi gani, na kwa nini haujaanguka miaka yote hiyo? — Fundi, Tabata*

Una kimo cha takriban mita 15, na juu umetoka kwenye mstari wake kwa karibu mita moja na nusu. Tatizo ni la msingi, fundi. Udongo wa chini haukuwa na nguvu sawa pande zote, upande mmoja ukadidimia tangu zama hizo hizo za kati. Tena minara ya ulinzi ya aina hii ilijengwa kuta tatu tu, upande wa ndani ya mji ukaachwa wazi ili kupandisha mawe na silaha kwa kamba, kwa hiyo hata uzito haukugawanyika sawasawa. Baadaye ulipoacha kuwa wa ulinzi waliziba upande wa nne, wakanyoosha sakafu za ndani ziwe bapa. Uliwahi kuwa hata jela ya wanawake. Haujaanguka kwa kuwa kuta ni nene na katikati ya uzito bado panaangukia ndani ya msingi.

Utawakuta watu wamejipanga ukutani. Desturi ni kusimama kisigino na mgongo vimegusa ukuta ulioinama, kunyoosha mikono mbele na kujaribu kutoanguka. Wanasema asiye na dhambi ndiye anayebaki wima. Ukuta unakusukuma mabega mbele ya vidole vya miguu, basi lazima uchukue hatua. Mwenye miguu mirefu ana utakatifu zaidi.

*Nafundisha jiografia kidato cha pili. Kitabu kinasema Copernicus alizaliwa Toruń. Wanafunzi wananibana: alikuwa Mjerumani au Mpoland? Na je, hapo ndipo alipogundua kuwa dunia inalizunguka jua? — Mwalimu, Temeke*

Alizaliwa Toruń tarehe 19 Februari 1473, miaka saba tu baada ya ule mkataba wa 1466. Kwa hiyo alizaliwa raia wa mfalme wa Poland, katika familia ya wafanyabiashara waliozungumza Kijerumani, na vitabu akaandika kwa Kilatini. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba aliyehamia kutoka Kraków. Uraia kwa maana tunayoijua leo haukuwapo. Wape wanafunzi maelezo hayo, kisha waambie kuwa Wajerumani na Wapoland wamegombana juu yake kwa zaidi ya karne moja.

Swali la pili: hapana. Mwaka 1491 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Kraków, kisha Italia, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliishi Warmia, kaskazini, ambako mjomba wake Lucas Watzenrode alikuwa askofu. Vipimo vyake vingi vya anga alivifanyia Frombork, mji wa huko huko Warmia. Hakuwa hata na darubini. Darubini ilikuja miaka mingi baada ya kifo chake. Kitabu chake kilichapishwa Nuremberg mwaka 1543 na mwaka huo huo akafariki Frombork, na ndiko alikozikwa. Usimpeleke mtu Toruń kutafuta kaburi.

Cha kuona Toruń ni nyumba ya makumbusho yake katika barabara iliyopewa jina lake, beseni la ubatizo katika kanisa kuu linalosemwa kuwa ndimo alimobatizwa, na sanamu yake ya mwaka 1853 mbele ya Jumba la Mji. Kwa mwalimu wa jiografia tungeongeza sayariamu, ukumbi wa kuonyeshea nyota na sayari, iliyojengwa ndani ya tangi la zamani la gesi ya mjini. Ni mviringo tayari, hawakuhitaji kubuni sana.

*Nauza keki na biskuti. Nimesikia Toruń inajulikana kwa biskuti za asali na viungo. Naweza kuzioka hapa kwa vitu vya sokoni? — Mwokaji, Sinza*

Unaweza, na viungo vyote vipo Kariakoo. Pierniki, ndilo jina la biskuti hizo, zimetengenezwa Toruń tangu zama za kati kwa sababu mji ulikuwa na vitu vyote pamoja: unga wa mashambani, asali ya misitu, na viungo vilivyoletwa na wafanyabiashara. Msidhani karafuu zao za enzi hizo zilitoka Unguja. Mikarafuu ilipandwa Zanzibar karne ya 19. Karafuu za kale zilitoka visiwa vya Maluku, na bei yake ilikuwa ya kutisha, ndiyo maana biskuti hizi zilikuwa zawadi ya wafalme.

Kwa biskuti kama 50 tayarisha asali gramu 250, sukari gramu 100, siagi gramu 100, unga wa ngano gramu 500, yai 1, magadi soda ya kuokea kijiko cha chai kimoja na nusu, na maziwa vijiko viwili vya chakula. Viungo vyote viwe vimesagwa: mdalasini vijiko viwili vya chai, tangawizi kavu kimoja, karafuu nusu, iliki nusu, kungumanga robo na pilipili manga robo. Pilipili manga usiiache, bila hiyo unaoka biskuti ya mdalasini tu.

Asali iwe ya nyuki wakubwa, nzito na nyeusi kidogo. Ya Tabora inafaa sana. Ya nyuki wadogo weka kabatini kwa ajili ya kikohozi: ina maji mengi na uchachu, na donge litakuwa tope.

Pasha asali, sukari na siagi kwa moto mdogo hadi vyote viyeyuke, lakini visichemke kwa nguvu, kwani asali ikiungua huacha uchungu. Ipua, tia viungo, acha hadi iwe vuguvugu. Hapo ndipo utie yai. Ukilitia mapema litaiva kwenye sufuria. Koroga magadi soda ndani ya maziwa, mimina, kisha tia unga kidogo kidogo ukikanda. Donge litanata, na hapa wengi hukosea kwa kuongeza unga, biskuti zikatoka kama kokoto. Lifunge hivyo hivyo, weka kwenye friji siku tatu hadi tano. Likipoa siagi inaganda, linaacha kunata, na viungo vinaingia ndani. Waokaji wa kale waliliacha wiki na miezi, ila wao walikuwa na maghala ya baridi. Kwa joto la Dar usiliache nje ya friji hata usiku mmoja.

Sukuma unene wa milimita 5 au 6, kata, oka kwa nyuzi 180 dakika 10 hadi 12. Zitoe zikiwa bado laini katikati. Asali hubadilika rangi ghafla, kwa hiyo tangu dakika ya 8 usiondoke jikoni. Kwa jiko la mkaa weka moto mwingi juu ya mfuniko na mdogo sana chini, la sivyo zitaungua makalio. Ladha ya sabuni maana yake umezidisha magadi soda. Zikipoa zitakuwa ngumu, usihuzunike: zifungie kwenye kopo na ganda la chungwa siku mbili, zitalainika. Kwa unyevu wa kwetu hata kopo lisilofungwa vizuri hufanya kazi hiyo, na ndiyo maana ukitaka zibaki kavu kwa kuuza zifunge siku ile ile.

Zile zenye picha za wafalme, mioyo na magari ya farasi hushindiliwa kwenye vibao vya mti vilivyochongwa. Donge lake halitiwi kitu cha kuumulia, maana likiumuka picha inapotea. Ni za mapambo. Ukiiuma utamtafuta daktari wa meno. Toruń kuna sehemu mbili za kujionea: makumbusho ya biskuti hizo katika barabara ya Strumykowa, ndani ya kiwanda cha zamani cha familia ya Weese, na Żywe Muzeum Piernika katika barabara ya Rabiańska, ambako mgeni mwenyewe hukanda na kushindilia kibao. Hiyo ya pili huingizwa watu kwa zamu za saa maalumu, basi nunua tiketi kabla, uulize zamu ya Kiingereza.

*Assalaam alaykum. Sisi ni Waislamu, tunasafiri na watoto. Tutakula nini? — Mama Salum, Magomeni*

Waalaykum salaam. Nguruwe yuko kila mahali Poland, hata pasipotarajiwa. Jifunzeni maneno manne ya kwenye menyu na vifungashio: wieprzowina ni nyama ya nguruwe, boczek ni nyama yake ya tumbo, smalec ni mafuta yake, żelatyna ni jelatini. Tahadhari kubwa ni kwa pierogi, vile vitumbua vya kuchemsha vya unga. Vinavyoitwa ruskie vina viazi na jibini tu ndani, mtu anaagiza kwa amani, na vikija vimemwagiwa vipande vya mafuta ya nguruwe juu. Wakati wa kuagiza sema “bez skwarek”, yaani bila vipande hivyo. Supu ya żurek ina soseji. Samaki, mayai, pierogi vya uyoga au matunda, na mkate vitawatosha. Kwa biskuti za asali, katarzynki za kawaida zisizojazwa kitu ni chaguo rahisi; zilizojazwa au kupakwa chokoleti someni kwanza kifungashio kwa ajili ya żelatyna na alkohol.

*Viza na fedha, kwa ufupi tafadhali. — Msomaji, Mbezi*

Poland iko Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri huo mwisho. Uliza kwanza ubalozi wa Poland hapa Dar es Salaam maombi yanapelekwa wapi na kwa miadi ipi. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe haijazidi miaka 10 tangu itolewe, ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko, na kurasa mbili tupu. Kinachowaangusha wengi ni taarifa ya benki iliyoingizwa fedha nyingi wiki moja kabla, au ratiba ya hoteli isiyolingana na tiketi ya ndege.

Poland haitumii euro bali złoty. Beba euro au dola safi, kwani shilingi yetu haina wa kuipokea. Badilisha kwenye maduka yenye kibao “kantor” mjini, si uwanja wa ndege, na utazame bei ya kununua na ya kuuza: zikiachana sana, toka. Mashine ya ATM ikikuuliza ikukate kwa fedha ya nchi yako au kwa złoty, chagua złoty, maana chaguo lingine lina bei ya benki yao iliyopandishwa. Na chukua adapta ya chaja: soketi zao ni za pini mbili za mviringo, hizi zetu za pini tatu za bapa hazitaingia.